Milioni 16 za Mwaka 1945: Rekodi za Fezanti, Sensa Zake na Msimu wa Bunduki

Kila mwaka, katika wiki mbili za mwanzo wa Agosti, maofisa wa wanyamapori wa jimbo la Iowa, Marekani, huamka alfajiri, wakaingia magarini na kupita polepole kwenye barabara za changarawe wakihesabu ndege. Ndege wenyewe ni fezanti, wa ukoo mmoja na kuku, kwale na tausi. Jogoo wake ana kichwa cha kijani kinachometa, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu wenye michirizi. Mtetea ana rangi ya nyasi kavu tu, na akitulia hata mbwa humpita. Hesabu hiyo ya Agosti ndiyo inayoamua kama ifikapo Oktoba vyumba vya kulala wageni katika miji midogo ya mashamba vitajaa watu waliovaa rangi ya chungwa, au kama wenye vyumba watakaa wakitazamana.

Katika zaidi ya karne moja ya kuwinda na kuhesabu, ndege huyu ameacha nyuma yake rekodi nyingi. Baadhi ni majivuno matupu ya watu wenye bunduki. Nyingine, ukizifuatilia vizuri, hazihusu bunduki hata kidogo.

Kundi kubwa kuliko yote

Rekodi ya Marekani inashikiliwa na South Dakota. Kabla ya msimu wa mwaka 1945, jimbo hilo lilikadiriwa kuwa na fezanti milioni 16. Wakazi wake hawakufika hata 650,000, kwa hiyo kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, angeweza kugawiwa ndege 25 hivi. Msimu ule wawindaji waliangusha ndege wapatao milioni 7.5, na hakuna jimbo lililowahi kuikaribia hesabu hiyo tena, South Dakota yenyewe ikiwemo.

Ajabu ni kwamba ndege huyu si mwenyeji huko. Asili yake ni Asia, na fezanti wa kwanza walioshika mizizi Marekani walitoka China. Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai, aliwasafirisha kwa meli mwaka 1881, na wengi wakafa kabla ya kufika. Hakukata tamaa. Mwaka 1882 alituma wengine, nao wakaachiwa katika bonde la Willamette, jimbo la Oregon. Miaka kumi baadaye, mwaka 1892, Oregon ilifungua msimu wa kwanza, na inasimuliwa kwamba siku ya ufunguzi pekee waliangushwa ndege 50,000. Ukitafuta uhamisho wa ndege uliofanikiwa kwa kasi kuliko wote, huo ni mshindani mkubwa.

South Dakota ilichelewa kidogo. Ndege waliofanikiwa waliachiwa mwaka 1908 karibu na mji wa Redfield, kaunti ya Spink. Tarehe 30 Oktoba 1919 msimu wa kwanza ulifunguliwa kwa siku moja tu, katika kaunti hiyo peke yake, na ndege kama 200 wakauawa. Kutoka 200 hadi milioni 7.5 kulipita miaka 26. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1943, bunge la jimbo likamtangaza mgeni huyu wa Kichina kuwa ndege rasmi wa South Dakota, na Redfield hadi leo inajiita makao makuu ya fezanti duniani. Miji mingine inalipinga jina hilo, lakini hakuna hata mmoja wenye tarehe za kushindana nalo.

Idadi hiyo ilipandaje kiasi hicho? Hapa ndipo rekodi inapoanza kusema jambo la maana. Miaka ya 1930 ilikuwa ya ukame mkali na tufani za vumbi katika nyanda za kati za Marekani. Wakulima walifilisika, wakahama, mashamba yakabaki bila mtu na magugu yakatamalaki. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili: vijana wakaenda vitani, risasi zikawa adimu, mashamba yaliyoachwa yakaendelea kuachwa. Kwa binadamu hiyo ilikuwa dhiki. Kwa fezanti, ambaye hutaga mayai 10 au 12 chini kabisa ardhini na kuyaatamia kwa siku 23 bila ulinzi wowote isipokuwa nyasi, ilikuwa neema isiyo na mfano. Rekodi ya 1945 iliandikwa na wakulima walioshindwa kulima.

Ndege wale walipata pia kazi ya kitaifa. Kwenye stesheni ya reli ya Aberdeen, South Dakota, kina mama walifungua kantini ya kuwapokea askari waliokuwa wakipita kwa treni, wakawapa bure mkate uliojazwa nyama ya fezanti. Hadi vita vinakwisha na kantini kufungwa, walikuwa wamegawa zaidi ya nusu milioni ya mikate hiyo. Kwa ladha yangu, hiyo ndiyo rekodi nzuri kuliko zote katika orodha hii.

Sensa inayosubiri umande

Wengi husikia neno sensa wakadhani ndege huhesabiwa mmoja mmoja, jimbo zima. Sivyo. Iowa ina njia zaidi ya 200 zilizopangwa, kila moja ina urefu wa maili 30, yaani kilomita 48 hivi, na utaratibu huo umefuatwa tangu mwaka 1962. Dereva huendesha taratibu, akaandika kila fezanti anayemwona, na akakadiria umri wa vifaranga. Kinachopatikana ni wastani wa ndege kwa njia, wa kulinganishwa na mwaka jana na mwaka juzi. Hautaji jumla ya ndege waliopo, na hakuna aliyewahi kudai kwamba unaitaja.

Sharti kubwa ni umande. Asubuhi iwe na jua, upepo uwe mtulivu, na nyasi ziwe zimelowa chapachapa. Mtetea hapendi vifaranga vyake vilowe, kwa hiyo huvitoa kwenye majani marefu na kuvipeleka ukingoni mwa barabara vikauke kabla ya kwenda kutafuta wadudu. Kukiwa hakuna umande, ndege wanabaki majanini, dereva anarudi na karatasi karibu tupu, na mtu asiyejua anaweza kutangaza msiba ambao haupo. Ndiyo maana mwaka wa ukame huwa mgumu kuuamini: asubuhi zenye umande wa kutosha huwa chache.

Minnesota nayo huhesabu kandokando ya barabara tangu mwaka 1955. Kansas ina njia yake nyingine ya kupendeza: majira ya machipuko watu husimama vituo kwa vituo na kusikiliza jogoo wanavyowika, wakahesabu sauti badala ya miili.

Baada ya miaka mingi ya kulinganisha hesabu hizi na hali ya hewa, wataalamu wa Iowa wamepata kanuni nyepesi kiasi kwamba mkulima anaweza kuikumbuka bila kuandika. Theluji ya majira ya baridi ikizidi inchi 31, yaani karibu sentimita 79, kisha mvua ya Aprili na Mei ikizidi inchi 8, yaani kama milimita 200, fezanti watapungua. Vyote viwili vikiwa chini ya hapo, wataongezeka. Theluji nzito hufunika chakula na kichaka cha kujifichia. Mvua baridi ya machipuko huharibu viota na kuua vifaranga ambavyo bado havina manyoya ya kuvikinga. Katika kanuni nzima mwindaji hatajwi popote, na sababu ipo: sheria za huko huruhusu kuua jogoo tu. Jogoo mmoja hupanda mitetea mingi, kwa hiyo hata jogoo wengi wakiondolewa, mayai ya mwaka ujao hutagwa vilevile.

Mporomoko mkali kuliko yote

Iowa inazo rekodi mbili za kuhuzunisha, na zote ni za mwaka 2011. Fezanti waliingia jimboni humo kwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa bahati njema: mwaka 1901 dhoruba ilibomoa mabanda ya mfugaji mmoja wa Cedar Falls, na ndege kama 2,000 wakatoroka. Mwaka 1925 msimu wa kwanza ulifunguliwa kwa siku tatu katika kaunti 13. Kufikia miaka ya 1960, wawindaji wa Iowa walikuwa wakiangusha zaidi ya jogoo milioni moja kwa mwaka, na miaka mingine wakiipita South Dakota.

Halafu kuanzia mwaka 2007 zikaja mfululizo baridi tano zenye theluji nyingi na machipuko yenye mvua nyingi. Mwaka 2011 wastani ulishuka hadi ndege kama 7 kwa kila njia ya kilomita 48, na jogoo waliouawa walikuwa kama 109,000 tu. Hesabu zote mbili zilikuwa za chini kabisa tangu kumbukumbu zianze kuwekwa.

South Dakota ilipata pigo lake mwaka 2013. Sensa ya Agosti ilionyesha kushuka kwa asilimia 64 kutoka mwaka uliotangulia. Ukame wa 2012 na machipuko ya baridi ya 2013 vilihusika, lakini chanzo kirefu kilikuwa kwenye soko la mahindi. Tangu mwaka 1985 serikali kuu ya Marekani imekuwa na mpango wa kuwalipa wakulima kodi ya kila mwaka ili waache ardhi dhaifu ipumzike chini ya nyasi kwa miaka 10 hadi 15. Lengo la awali lilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupunguza ziada ya nafaka, ila fezanti ndiye aliyefaidi. Mpango huo ulifika kilele chake mwaka 2007, ukiwa na ekari milioni 36.8 nchi nzima. Mwaka huohuo South Dakota ilikadiriwa kuwa na fezanti karibu milioni 12, kiwango cha juu kabisa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miaka hiyo ya 1960 nayo ilikuwa na mpango wake wa kupumzisha ardhi.

Miaka hiyohiyo sheria zikaagiza ethanoli ya mahindi ichanganywe kwenye petroli. Bei ya mahindi ikapaa, na mwaka 2012 ikavunja rekodi. Mkulima ambaye mkataba wake wa nyasi ulikuwa umekwisha alikuwa na chaguo jepesi: aling'oa nyasi, akapanda mahindi na soya. Simlaumu, kwani hakuna benki inayopokea mayai ya fezanti kulipia trekta. Lakini kila chati ya ndege hawa niliyowahi kuiona inapanda na kushuka pamoja na chati ya nyasi, na theluji huja tu kuzidisha au kupunguza.

Sensa iliyofutwa

Baada ya hapo South Dakota ilifanya jambo ambalo katika orodha ya rekodi linastahili daraja lake peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kushuka kwa asilimia 17. Mwaka 2020 jimbo lenye fezanti wengi kuliko majimbo yote ya Marekani likaacha sensa yake ya barabarani, iliyokuwa imeendeshwa kwa takribani miaka 70 kwenye njia 110. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba habari za kushuka kwa hesabu ziliwafanya wawindaji wa kutoka majimbo mengine waahirishe safari, na wageni hao ndio wanaojaza hoteli, mikahawa na viwanja vidogo vya ndege. Pesa na nguvu zikaelekezwa kwenye matangazo.

Nimejaribu kuutazama uamuzi huo kwa jicho la huruma. Ni kweli kwamba hata katika mwaka mbaya South Dakota huwa na ndege wengi kuliko jirani zake, na mgeni anayesoma “asilimia 17 pungufu” anaweza kwenda kwingine ambako wapo wachache zaidi. Ni kweli pia kwamba jimbo bado hukadiria, msimu ukiisha, idadi ya jogoo waliouawa, na kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizidi milioni moja kila msimu, ya kwanza nchini. Lakini kuvunja kipimajoto hakujawahi kuteremsha homa. Idadi ya waliouawa hutegemea pia wawindaji ni wangapi, hali ya hewa ya Oktoba, na ndege wangapi wa kufugwa walioachiwa na wenye mashamba ya kuwindia, ambao South Dakota inao wengi. Sensa ya Agosti haikuwa na mchanganyiko huo.

Kabla ya hapo kidogo, mwaka 2019, jimbo hilohilo liliweka rekodi ya mikia. Lilitangaza dola 10 kwa kila mkia wa rakuni, kicheche, oposamu, mbweha mwekundu na mnyama mwingine mla mayai. Mikia zaidi ya 50,000 ikaletwa, na bajeti ikaisha kabla ya wakati. Watafiti wa wanyamapori walikuwa wamekwisha kusema kwamba kuwapunguza wala mayai kwa namna hiyo katika jimbo zima hakubadilishi idadi ya ndege, na kwamba penye nyasi nyingi zilizoungana mbweha huchoka kutafuta kabla ya kukuta kiota. Angalau watoto wengi wa mashambani walijifunza kutega mitego.

Siku ya damu kuliko zote

Uingereza wana mchezo tofauti chini ya jina lilelile. Huko fezanti hufugwa, huachiwa kwa mamilioni wakati wa kiangazi, kisha watu huwafukuza kuelekea kwenye mstari wa wenye bunduki waliosimama. Tarehe 18 Desemba 1913, katika shamba la Hall Barn karibu na Beaconsfield, watu saba waliangusha fezanti 3,937 kwa siku moja. Mmoja wao alikuwa Mfalme George wa Tano, ambaye peke yake alizidi ndege 1,000. Mwanawe, aliyekuja kuwa Edward wa Nane, alisimulia baadaye kwamba njiani kurudi nyumbani baba yake alinyamaza, kisha akakiri kuwa huenda siku hiyo walipita kiasi.

Rekodi ya maisha ni ya Lord Ripon, aliyefariki mwaka 1923 akiwa uwandani, bunduki ikiwa bado ya moto, baada ya kuwinda asubuhi nzima. Daftari zake zinaonyesha zaidi ya ndege na wanyama 556,000, fezanti wakiwa zaidi ya 241,000. Inasemekana aliwahi kuangusha fezanti 28 katika sekunde 60, akipokezana bunduki tatu na wapakiaji wawili. Franz Ferdinand wa Austria naye aliua ndege na wanyama zaidi ya 270,000. Mwezi Novemba 1913, akiwa mgeni huko Welbeck nchini Uingereza, mpakiaji mmoja aliteleza kwenye theluji, bunduki ikalia, na marisau yakampita karibu sana. Miezi michache baadaye risasi ya muuaji mjini Sarajevo haikumpita.

Matarajio ya msimu wa Uingereza hayasomwi kwenye theluji wala umande. Kila mwaka huachiwa fezanti wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 30 na 50, na mayai na vifaranga vingi hununuliwa Ufaransa. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege ilipoyakumba mashamba ya Ufaransa, mayai mengi hayakuvuka bahari, na maeneo mengi ya kuwindia Uingereza yakafuta msimu au kuupunguza.

Ndugu wa mbali

Ukoo wa fezanti unashikilia ncha zote mbili. Kuku wa kufugwa ni mwanachama wake, na duniani wapo zaidi ya bilioni 20, ndege wengi kuliko wote. Fezanti wa Edwards wa Vietnam naye hajaonekana porini kwa uhakika tangu mwaka 2000.

Afrika ina mmoja tu aliye karibu na tausi na fezanti wa Asia, naye ni tausi wa Kongo, mkazi wa misitu ya bonde hilo hadi upande wa mashariki ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Mmarekani James Chapin aliona unyoya wake mwaka 1913 kwenye kofia ya mwenyeji wa Ituri na akashindwa kuutambua. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya uleule, wakiwa na kibandiko kinachosema ni tausi wachanga wa kigeni. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Kongo, akawaona hai. Kwa wenyeji wa misitu ile hapakuwa na ugunduzi wowote, maana walikuwa wakiwafahamu tangu zamani. Kuwahesabu ndiko kulikoshindikana: msitu ni mzito, ndege ni msiri, wala hakuna barabara ya changarawe ya kumsubiri.

Msimu

Iowa imepanda tena. Mwaka 2023 jogoo walioangushwa huko walikaribia 600,000, zaidi ya mara tano ya wale wa 2011, na sensa ya Agosti 2025 ilitoa wastani wa ndege 28 hivi kwa njia, wa juu kabisa kwa karibu miaka 20. Majira ya baridi yalikuwa mepesi, nayo kanuni ya inchi 31 na inchi 8 ikafanya kazi yake. Asitokee mtu akauita wastani huo kurudi kwa enzi za zamani: mahindi na soya bado vimeshika sehemu kubwa ya ardhi, na baridi mbili mbaya zinatosha kuirudisha Iowa ilikokuwa.

Anayetaka kuona ndege wengi aende South Dakota, ambako msimu hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufungwa tarehe 31 Januari. Anayetaka kujua kabla ya kufunga safari atakuta nini asome hesabu za Iowa, ambako msimu hufunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba na kufungwa tarehe 10 Januari. Katika majimbo yote mawili ruhusa ni jogoo watatu kwa siku, na mtetea haguswi.